Mtani Hahami Nawe, Mtaa Unabaki Nawe

Watanzania wawili wakikutana Birmingham kwa mara ya kwanza, salamu zikiisha linakuja swali la timu. Kazi, mkoa, umekuja lini, hayo yote yatasubiri. Simba au Yanga? Ukishajibu umeshapata ndugu au umeshapata mtani, na mtani naye ni ndugu.

Mimi ni Simba, kama alivyokuwa baba. Mwaka 1993 Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF ikafungwa 2-0 na Stella Abidjan hapo hapo Dar es Salaam, Mtanzania wa Ulaya alisubiri gazeti lije na msafiri, au alipiga simu ya gharama akaambiwa kwa kifupi kwamba tumekufa nyumbani. Miaka thelathini baadaye, Yanga ilipokwenda Algiers kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho, ikashinda 1-0 na bado ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, mtu alikuwa anaitazama kwenye simu akiwa katika basi la kwenda kazini.

Picha ya simu lakini huchelewa. Dar wanaona goli, mimi mpira wangu bado uko katikati ya uwanja. Hapo ndipo shemeji yangu wa Temeke, Yanga wa kulia na kucheka, anaponiwahi kwa ujumbe wa sauti: “Shem, umeonaaa?” Nyuma yake nasikia honi za bodaboda na watoto wanaokimbia uchochoroni. Siulizi kafunga nani. Sauti yake tu inaniambia ni wao. Nimeshamsihi asinitumie kitu mpaka filimbi ya mwisho, na yeye anasema utani ukipoa hauna ladha. Kwa hilo yuko sahihi.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilitupiga 5-1. Kundi letu la WhatsApp la hapa Birmingham lilijaa viganja, vidole vitano vimenyooshwa, mchana kutwa. Wapo wenzangu waliojitoa kundini kabla mpira haujaisha. Mimi nilibaki, kwa sababu tangu 6 Mei 2012, tulipowafunga 5-0, vidole hivyo vilikuwa vyetu, na watani walivivumilia miaka kumi na moja bila kuhama. Isitoshe, kundi hilo hilo ndilo linalotuzika. Mzee wa mwenzetu mmoja wa Yanga alipofariki Tanga, nauli ya mwenzetu huyo kwenda kwenye maziko ilipatikana kundini usiku ule ule, na mweka hazina aliyekesha akiandika majina ya waliochanga ni Simba wa kuchukiza, kwa maneno ya Yanga wenyewe.

Huo ndio utani ninaoupenda, ule wenye msiba na harusi ndani yake. Kijiweni Kariakoo unamchoma mtu kwa maneno leo, kesho anakupisha kwenye benchi mnakunywa kahawa. Kwenye kurasa za wazi mambo ni mengine. Mtu aliye Ulaya au Marekani, ambaye hakuna atakayekutana naye sokoni, anamtukana kipa na mama yake, anamtakia mwamuzi kifo, kisha anakwenda kulala. Inaniuma zaidi anapokuwa mmoja wetu, aliyelelewa na watu wa timu zote mbili ndani ya nyumba moja. Umbali haumpi mtu ruhusa ya kusahau adabu.

Nyumbani kwangu kwa pili kuna Aston Villa, klabu ya tangu mwaka 1874, bingwa wa Ulaya mwaka 1982. Huku wapinzani hawachangamani. Mashabiki wageni wana kona yao, askari wamesimama katikati, na siku ya mechi ya Villa na Birmingham City wengine huficha skafu ndani ya koti mpaka wafike. Kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar, nako wekundu wa Simba wana upande wao na wa njano na kijani wa Yanga upande wao, lakini mpira ukiisha daladala ya Mbagala ni moja. Ninaikosa sana daladala ile.

Hata hivyo Villa Park imenipa ambacho simu haiwezi: kiti. Unakaa jirani na mama mtu mzima wa Kiingereza aliyeanza kuja pale na baba yake, anakupa peremende kipindi cha pili, na ukikosa mechi anataka kujua kama mtoto anaumwa. Nimeishi mitaa ya huku ambako hakuna jirani aliyewahi kuniuliza hivyo. Mwanangu kazaliwa hapa na Villa ndiyo timu yake. Simba anaiita Simba ya mama.

Mara moja tu nyumba zangu mbili zilikuwa na timu moja. Januari 2020 Villa ilimsajili Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala aliyepitia Simba, TP Mazembe na Genk, na kurasa za Villa zikafurika Kiswahili. Tarehe 1 Machi, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Manchester City inaongoza 2-0, Samatta akajitupa kwa kichwa akafunga. Shemeji wa Temeke, Yanga damu, alilia kwenye simu. Villa ikafungwa 2-1. Septemba mwaka huo Samatta akaenda Fenerbahçe na Kiswahili kikahama naye. Mwanangu hakuhama, na sikumtarajia ahame, kwa kuwa Villa ni timu ya mtaa wake.

Kwa hiyo wewe uliye mbali na nyumbani, lipia kadi ya uanachama ya timu yako, maana kelele za mtandaoni hazilipi mishahara ya wachezaji. Tafuta na uwanja ulio karibu nawe, hata kama ni wa timu ya daraja la chini, ukakae na majirani zako na mtoto wako. Na wewe uliyejitoa kundini siku ile ya tano moja, omba urudishwe. Watani wamekuulizia.