Mkistaafu, Mtaishi Wapi? Mbeya au Iringa?

Kuna swali ambalo wanandoa wengi wa Dar hulikwepa mpaka barua ya kustaafu inapofika mezani: baada ya hapo tunaishi wapi? Baba anasema kijijini kwao. Mama, ambaye kijiji hicho anakijua kwa misiba na Krismasi tu, ananyamaza. Na mwanamke akinyamaza kwenye jambo kama hili, kaka yangu, usidhani amekubali.

Suluhu ninayoisikia sana siku hizi ni ya katikati: si kwao baba wala kwao mama, bali mji wenye ubaridi kidogo, chakula cha bei poa na hospitali ya karibu. Ukitaja hayo tu, Nyanda za Juu Kusini zinaingia kwenye mazungumzo.

Tuanzie Mwanjelwa, pale Mbeya. Ukitaka kujua pensheni itakufikisha wapi, usianze kuulizia nyumba, anza sokoni. Soko la zamani liliteketea kwa moto mwaka 2006, likajengwa jipya la ghorofa, lakini biashara haijakubali kukaa ndani ya kuta, imemwagika mpaka barabarani. Mchele wa Kyela upo, ndizi na parachichi za Rungwe zipo, viazi vya Uporoto utachagua mpaka uchoke. Nenda na kikapu, na sweta pia. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua likizama utaelewa.

Ila kuishi Mwanjelwa kwenyewe? Hapana jamani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapohapo, malori usiku na mchana, bajaji, muziki wa madukani. Pale ni pa kununua, si pa kupumzisha mwili wa miaka 60. Kalale pembeni ya mji, ambako bado unaweza kupata kiwanja cha kuweka kuku na matuta ya mboga.

Kinachoipa Mbeya ushindi kwa akina mama wengi ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Wagonjwa wa mikoa ya jirani hupewa rufaa kuja hapo. Mkiwa na presha au sukari, hilo si jambo dogo. Na tangu uwanja wa ndege wa Songwe ufunguliwe mwaka 2012, wajukuu hawalazimiki kupanda basi zaidi ya kilomita 800.

Iringa, kwa maoni yangu, ni nzuri zaidi kwa macho. Mji umekaa kilimani juu ya Mto Ruaha Mdogo, boma la Wajerumani sasa ni makumbusho, na jioni mnaweza kupanda jiwe la Gangilonga mkiangalia mji mzima (magoti yakiruhusu!). Kutoka Dar ni kama kilomita 500, watoto wanakuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Kuna vyuo vikuu pia, kwa hiyo vyumba viwili vitatu vya kupangisha wanafunzi vinaweza kuongezea pensheni.

Tukuyu na Njombe? Tukuyu ni kijani tupu, lakini mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Njombe Juni na Julai inakaribia kuganda. Mwenye maumivu ya viungo afikirie mara mbili.

Sasa pesa. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Kanuni ya mwaka 2022 ilifanya mkupuo kuwa asilimia 33, na mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 au 35 kutegemea mfuko uliokuwapo. Kwa hiyo nyumba ijengwe ukiwa bado kazini.

Na dada, hati iandikwe majina yenu wote wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa yako, lakini akitangulia yeye, utabaki mji wa ugenini, na shemeji wakishuka na basi la asubuhi, karatasi yenye jina lako ndiyo itakayoongea.

Kabla hamjalipa kiwanja, kodisheni chumba mwezi mzima wa Julai, wote wawili. Dalali atawashauri mje Septemba, kukiwa na joto kidogo. Msimsikilize.