Migongo ya Mahamali

Katika misikiti yetu ya Mombasa viti vya kuswalia vimezidi, na si wazee pekee wanaovikalia. Twawaona wanaume wa miaka arubaini, mahamali wa magodauni, wasioweza kurukuu wala kusujudu kwa maumivu ya mgongo. Sharia imewapa ruhusa. Linalotushughulisha ni kilichowafikisha hapo.

Mfuko wa saruji ni kilo 50, gunia la mahindi kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya usalama na afya kazini nayo yamkataza mwajiri kumtwika mtu mzigo wa kumdhuru. Na kabla ya hayo yote, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watumishi wasikalifishwe wasiloliweza, na wakikalifishwa wasaidiwe.

Vijana huambiwa wapige magoti, wasipinde mgongo, wauweke mzigo karibu na kifua. Ni kweli, na tuwafunze. Lakini alipwaye kwa idadi ya magunia atapata wapi nafasi ya kupiga magoti? Msaada ulioamrishwa ni mkokoteni, ni watu wawili kwa gunia moja, ni mapumziko yasiyokatwa ujira. Wenye magodauni wengi twaswali nao safu moja. Twawaomba wanunue mikokoteni kabla ya kuleta viti.

Nyumbani nako, mume akilalamika ganzi mguuni, asikandwe mafuta tu. Apelekwe hospitali mapema.