Taa Zinawaka, Injini Kimya

Foklifti ikigoma, ghala zima limegoma. Letu liko kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na kwa kuwa tunahifadhi vyakula, mashine yetu ni ya gesi, si ya dizeli. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, chini kinasikika kishindo kimoja, "ta!", basi. Betri ikabadilishwa. Stata ikabadilishwa. Siku mbili tatu inawaka, kisha inasusa tena. Ndipo likaanza neno kwamba naihujumu, na nikaambiwa barua ya kunisimamisha kazi inaandaliwa.

Kilichoniumiza zaidi ni vibarua. Wao hulipwa kwa gari walilopakia. Mimi nina mshahara. Walikaa kivulini wakinitazama, na sikuwa na la kuwaambia.

Mungu akamleta fundi rewaya mmoja wa Keko, mzee mpole, mkononi ana tasta tu. Kwanza alifunga koki ya mtungi: gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda chini, na cheche moja inatosha. Betri ilisoma volti 12.6. "Mwanangu, zungusha." Waya mwembamba unaoiamrisha stata ulikuwa na umeme, kwa hiyo ufunguo, fyuzi na swichi ya nyutro vilikuwa vizima. Kisha akagusisha ncha moja kwenye bloku ya injini, ya pili kwenye hasi ya betri. Nikazungusha tena. Palipotakiwa kusoma karibu na sifuri, pakasoma volti 9.

Injini imekalia raba, haigusani na chesisi. Umeme wote wa stata hurudi kwenye betri kupitia mkanda mmoja wa shaba iliyosukwa, na stata huvuta ampea mia na zaidi. Taa hazipiti hapo, ndiyo maana hazikuyumba hata kidogo. Tulipoufungua mkanda, chini ya boliti palikuwa na rangi, na nyuzi zimeliwa, zinaacha unga wa kijani vidoleni. Hewa ya chumvi ya mji huu haisamehe shaba.

Mzee akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga mkanda mpya. Nikafungua gesi. Ikawaka mara moja, na vibarua wakainuka kabla sijawaita.

Nilimwomba aandike vipimo vya kabla na vya baada, nikaipeleka karatasi ofisini mwenyewe. Msimamizi aliisoma yote, akatoka nje, akanipa mkono mbele ya wenzangu.