Kisima cha Phule

3 Januari, Pune
Leo ndiyo tarehe aliyozaliwa Savitribai Phule, mwaka 1831, na chuo kikuu ninachosoma kinaitwa kwa jina lake. Aliolewa na Jyotirao angali mtoto, hajui kusoma, mumewe akamfundisha. Mwaka 1848 wakafungua shule ya wasichana hapa hapa Pune. Njiani watu walimrushia matope na mavi ya ng'ombe, kwa hiyo akawa anabeba sari ya pili. Akifika anabadilisha, anaanza somo. Na jioni ipo sari ya kufua.

22 Januari
Govindrao, baba yake Jyotirao, aliwatoa nyumbani kwa sababu ya shule. Aliyewapa hifadhi ni Mwislamu, Usman Sheikh. Fatima Sheikh naye akaingia darasani kufundisha pamoja na Savitribai. Natamani Fatima angeandikwa zaidi.

10 Machi
Kutwa nawaza kisima. Jyotirao Phule alikuwa wa tabaka la Mali, watunza bustani. Wabrahmini walimwona duni, lakini chini yake walikuwapo Wamahar na Wamang, walioitwa wasioguswa, waliokatazwa kuchota maji kwenye visima vya wengine. Mwaka 1868 akawafungulia kisima cha nyumbani kwake. Kwangu mimi tendo hili linaizidi hata shule. Kumlalamikia aliye juu yako, nani hawezi? Yeye aliwakaribisha watu waliodharauliwa na ndugu zake mwenyewe, watumbukize ndoo zao katika maji yale yale ya kunywa na kupikia nyumbani mwake.

11 Aprili
Jyotirao alizaliwa leo, 1827. Nimemaliza kusoma maelezo aliyoyatoa mwaka 1882 kwa Tume ya Hunter, tume ya elimu ya serikali ya Waingereza. Hoja yake imenyooka: kodi inatoka kwenye jasho la mkulima, elimu wanaifaidi watoto wa wakubwa. Akataka elimu ya msingi iwe ya lazima mpaka mtoto afike angalau miaka 12. Na walimu? Watafutwe wanaoweza kushika plau au tezo la seremala bila kuona haya, wachanganyike na watu wa chini. Sisi tuliofundisha vijijini tunaelewa alichokitaka: mzazi humwamini upesi mwalimu anayeijua kazi ya shamba. Kesho namwambia msimamizi wangu kwamba tasnifu itaanzia kwenye maelezo haya.