Mshale Tuliouzoea

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea hatuandiki habari za mitihani. Tunaandika kosa letu.

Mnaifahamu ile Land Cruiser ya zamani inayobeba vitabu vya shule, na usiku ikilazimika hubeba wagonjwa. Geji yake ya mafuta ililala kwenye E muda mrefu, tangi lijae lisijae. Mzee dereva alizoea, akawa anaandika kilomita kwenye daftari. Siye tulicheka tu, eti mshale mwongo.

Usiku mmoja mama jirani yetu akashikwa na uchungu. Mchana wake sisi tulizunguka na gari shule kwa shule, na hatukuandika kitu kwenye daftari. Katikati ya njia ya hospitali injini ikakohoa, ikazima. Mshale ulikuwa kwenye E kama kawaida, kumbe usiku ule ulisema kweli. Nani angeuamini? Tulikimbia na dumu kutafuta mazutu, yaani dizeli. Tuliporudi, gari likakataa kuwaka mpaka mzee alipotoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Mama alijifungua salama hospitalini, tunamshukuru Mungu. Lakini tukimwona yule mtoto bado tunainamisha macho.

Kesho yake tukaanza kuchanga pesa za geji mpya. Baba mmoja fundi, aliyekuwa na gereji Uvira kabla ya vita, akatuzuia: "Wanangu, msinunue kitu kabla hamjajua ugonjwa uko wapi."

Akatueleza. Ndani ya tangi kuna boya linalopanda na kushuka na mafuta. Mkono wake huongeza au hupunguza umeme unaopita kwenye waya wa geji. Umeme huo lazima urudi kwenye bodi ya gari kwa njia ambayo mafundi huiita ethi. Mshale hauoni mafuta; unasema ulichoambiwa.

Alianza na fyuzi: nzima. Kisha akachomoa waya wa geji pale kwenye tangi, akaushikisha na bodi kupitia balbu ndogo, akafungua swichi. Mshale ukapanda kuelekea F! Basi geji ni nzima, na waya unaotoka mbele ni mzima. Ugonjwa uko kwenye tangi. Tukatazama ethi ya boya: nati imeliwa na kutu. Tukafungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye nusu. Pesa za watu tukazirudisha.

Fundi alituonya mambo mawili. Magari hayafanani, kwa mengine waya ukigusa bodi mshale hushuka badala ya kupanda, kwa hiyo uliza kwanza anayelijua gari lako. Na karibu na tangi pasiwe na moto wala sigara.

Ndugu wasomaji, kutu ile iliondolewa kwa kipande cha msasa. Siku zote ingeweza kuondolewa, ila tulishazoea. Kama nyumbani kwako kuna kitu kibovu mlichokizoea, kitazame leo kabla ya usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni sisi walimu wenu.