Kutoka Vidanji hadi Kitani

Miaka ya 1980, mashariki mwa Kongo, aliyetoka Bukavu kwenda Uvira aliteremka Ngomo, akapita Kamanyola, kisha akaingia kwenye joto la uwanda wa Ruzizi. Hadi anafika Sange alikuwa ameshazoea aina mbili tu za uzio: matete yaliyokatwa kando ya mto na kufungwa kwa kamba, au safu ya minyaa iliyochomekwa ardhini ikaachwa iote. Ubao ulikuwa wa mlango, wa kitanda na wa jeneza. Kuusimamisha nje ili uzuie mbuzi kungeonekana ubadhirifu.

Matete hayakupakwa kitu. Yalisimama misimu michache, mchwa wakayapanda kutoka chini, na yaliyobaki yakaishia mekoni. Minyaa ndiyo haikuomba chochote: ni mti ulio hai, mbuzi hawauonji, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu. Wapo wazee wa Sange wanaosema mpaka leo kwamba hakuna fundi aliyewahi kuushinda uzio huo, na asiyejali sana urembo atapata tabu kuwapinga.

Fundi ambaye kumbukumbu hizi ni zake alikulia ndani ya ua wa minyaa, akajifunza kuranda kwa baba yake mdogo, na sasa ana karakana ya mabati pembeni ya barabara kuu. Wateja humwita Papa Fundi. Anakumbuka kwamba mbao zilianza kusimama nje baada ya vita vya 1996 na 1998, watu waliporudi kwenye viwanja vilivyobaki wazi na kutaka ua wa haraka. Minyaa hutaka miaka. Misumari hutaka siku moja. Mikaratusi ya milimani ilikuwa imeshakomaa, ikapasuliwa kwa msumeno wa mkono, na mabanzi yake, yale mapande ya kwanza ya gogo yenye ganda upande mmoja, yakauzwa kwa bei ya kutupa.

Kwenye mabanzi hayo ndipo vidanji, oili chakavu ya injini, ilipoingia. Sange iko kwenye njia ya malori, na kila lori linapobadilishwa oili hubaki mafuta meusi ambayo dereva hana pa kuyapeleka. Papa Fundi aliyachukua kwa bidoni, bure au kwa soda moja, akayazimua kwa mazutu, yaani dizeli, ili yawe mepesi na yapenye ndani ya mti, akapaka kwa tambara lililofungwa kwenye fimbo. Miguu ya nguzo aliichoma kwanza kwenye moto mpaka ikawa makaa kwa juu, kama alivyofanya baba yake mdogo. Mtaa mzima ukawa mweusi.

Ilisaidia kwa kiasi. Maji yaliteleza juu ya ubao na mchwa walikawia. Ila mafuta ya injini hayakutengenezwa yakauke, na hayakauki. Watoto walirudi kutoka shule na mistari myeusi kwenye mashati meupe ya sare, na mama zao wakaingia karakana bila kupiga hodi. Aliyetaka baadaye kuupaka uzio wake rangi ya bluu aliiona rangi ikibanduka, kwa sababu haishiki juu ya grisi. Na kilichokuwa hakionekani ndicho kilichokuwa kibaya zaidi: oili iliyotumika hubeba chembe za metali za injini na masalia ya kuungua ambayo yanajulikana kusababisha saratani. Mvua huyasukuma chini ya uzio, pale pale ambapo wengi hupanda lengalenga.

Walikuwapo waliojaribu mawese, yanayopatikana kwa wingi kuelekea Uvira na Fizi. Wazo halikuwa la kijinga, mafuta ni mafuta. Kasoro iko kwenye asili ya mafuta yenyewe. Mafuta ya kitani, yale yanayokamuliwa kutoka mbegu za mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo, huvuta hewa na kugeuka kitu kigumu ndani ya nyuzi za ubao. Wanakemia hupima uwezo huo kwa iodini, na kitani hupata 170 au zaidi. Mawese hupata kama 50. Hubaki na unata, huvunda, hukusanya vumbi, na asubuhi ya baridi huganda juu ya ubao. Ni mazuri kwa sombe, si kwa uzio.

Waswahili wa pwani walikuwa wamelimaliza suala hili zamani, kwa chombo badala ya uzio. Mbao za jahazi zilizo juu ya maji zilipakwa sifa, mafuta ya papa yenye harufu ya kumkimbiza mgeni. Zilizo chini ya maji zilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, dhidi ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Chombo kimoja kilikuwa na dawa mbili kwa sababu kilikuwa na maadui wawili. Sange ilichukua muda kujiuliza adui wake ni nani hasa.

Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange, likavuja, na moto ukalipuka jioni ile ya Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya 230, miongoni mwao waliokuwa wamekusanyika kutazama mpira na waliokuwa majumbani mwao kando ya barabara. Papa Fundi haongei mengi juu ya usiku huo. Anachosema ni kwamba hakupaka tena vidanji iliyozimuliwa kwa mazutu kwenye uzio uliogusa nyumba, na mteja aliyeing'ang'ania alimwelekeza kwingine. Si kwamba uzio ndio ulioua. Ni kwamba mkono wake ulikataa.

Kilichobadilisha mambo kwa upana zaidi kilikuwa bei. Mbao ngumu, muvula na libuyu, zilizidi kutoka mbali, njia za Shabunda na Bunyakiri, zikipita vizuizi vingi barabarani, na kila kizuizi kikaacha alama kwenye bei. Hata mkaratusi ulipanda. Ubao ulipokuwa rahisi, hakuna aliyenunua kopo la dawa. Uzio ukioza, unapigilia mwingine. Ubao ulipokuwa ghali, watu walianza kuuliza kuhusu Carbolineum, mafuta ya lami ya makaa ya mawe ambayo Mjerumani Avenarius aliyapatia hataza mwaka 1888, na kuhusu Xylophène ya Wafaransa. Ya kwanza ni ya jamii ya kreosoti, ambayo Umoja wa Ulaya ulizuia isiuzwe kwa watu wa kawaida tangu 2003. Papa Fundi aliitumia kwenye miguu ya nguzo tu, kwa glavu, na mpaka leo anaamini hapo ndipo mahali pake. Nguzo huoza pale inapotoka ardhini, unyevu unapokutana na hewa, si kileleni.

Kisha ikaja terasi.

Mama mmoja mwenye nganda, baa ya mtaani, alitaka jukwaa la mbao chini ya miembe, lenye uzio wa kiunoni kulizunguka, wateja wakae nje jua likizama upande wa milima. Alikuwa ameona la namna hiyo kwenye hoteli ya Bukavu inayotazama ziwa. Alitaka ling'are. Alitaka verni, yaani vanishi.

"Mama, verni ni ngozi," Papa Fundi alimwambia. "Jua la hapa litaichana, maji yaingie chini yake, na hayatatoka."

"Kule Bukavu haichaniki."

"Kule ni kule, mama. Na hata kule, umeinama kutazama chini ya meza?"

Hoja yake ilikuwa na msingi kuliko alivyoweza kuieleza. Jua huvunja lignini, gundi inayoshikilia nyuzi za mti, na ubao ulioachwa wazi hugeuka kijivu na kuwa na manyoya. Verni angavu hupitisha mwanga, hivyo ubao hufa chini yake na verni yenyewe hubaki ikielea. Kwenye sakafu ni vibaya zaidi, maana viti huburutwa, visigino hukwaruza, na kila mkwaruzo ni mlango wa maji. Mafuta yenye rangi ndani yake hayatengenezi ngozi. Yanaingia, na chembe za rangi ndizo zinazozuia mwanga. Yakichoka hayabanduki, yanafifia tu, na unapaka juu yake bila kukwangua wiki nzima.

Papa Fundi alinunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yaliyovushwa kutoka Bujumbura, akayatia oksidi nyekundu ya unga, ile ile ambayo Afrika Mashariki nzima huiweka kwenye sakafu ya saruji. Oksidi hiyo ni kutu ya chuma, na jua haliiwezi kirahisi. Alingoja kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ubao ukauke sawasawa. Alinyunyiza maji kidogo juu yake, na yalipotulia kama shanga alijua bado haujawa tayari kunywa. Alipaka jioni, kwani jua la mchana hukausha uso kabla mafuta hayajashuka. Ncha za mbao alizinywesha mara nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu maji huingia ubao nchani haraka mara nyingi kuliko ubavuni. Hili la ncha ndilo mafundi wengi hulipita, na kwa haki wangelipwa pungufu kwa hilo. Matambara aliyalowesha maji na kuyatandaza: kitani hutoa joto kikikauka, na tambara lililokunjwa pembeni laweza kujiwasha lenyewe. Sange haihitaji kukumbushwa habari za moto.

Mafuta hayo hayo Bukavu yasingefaa vile. Bukavu iko juu, mita 1,500 na zaidi, na mvua yake ni nyingi. Kitani kitupu kwenye unyevu ni chakula cha kuvu, na uzio huota madoa meusi. Huko hutakiwa mafuta yenye dawa ya kuvu ndani yake. Safari ya asubuhi moja tu, na kopo lililo sahihi chini linakuwa kosa juu.

Mpwa wake anaishi Portland, jimbo la Maine, Marekani, ambako Wakongo ni wengi, na anajenga terasi za nyuma ya nyumba. Huzungumza kwa simu.

"Mjomba, huku mbao zinauzwa zikiwa zimeshanyweshwa dawa kiwandani. Zina rangi ya kijani kibichi."

"Sasa mnapaka nini tena?"

"Tunapaka ya jua. Ya kuoza imeshamalizika."

Papa Fundi alilipenda jibu hilo kuliko zawadi. Dawa ya zamani ya viwanda hivyo ilikuwa shaba, kromiamu na aseniki: shaba dhidi ya kuvu, aseniki dhidi ya wadudu, kromiamu ya kuzifunga ndani ya mti. Mhindi Sonti Kamesan aliibuni miaka ya 1930. Tangu mwisho wa 2003 viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani kwa sababu ya aseniki, vikahamia dawa za shaba bila aseniki. Nguzo nyingi za umeme za Kenya na Tanzania bado hunyweshwa ile ya zamani, na vipande vyake havifai kabisa kupikia: moshi na majivu yake yana sumu.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoichukua Bukavu na kisha Kamanyola, kopo la kutoka juu limekuwa na safari ya mashaka. Cha kushangaza ni kwamba mshindani mkubwa wa uzio wa mbao alikuwa ameshafika kabla ya hapo, naye ni saruji. Kiwanda cha Cimerwa kipo Bugarama, Rwanda, ng'ambo tu ya Kamanyola, tangu 1984, na matofali ya kuchoma hutengenezwa uwandani kwenyewe. Mwenye fedha leo hujenga ukuta na kupachika vipande vya chupa juu. Papa Fundi amebakiwa na mageti, mabaraza na terasi, na hasikitiki, maana ndizo kazi zinazolipa mafuta mazuri. Mama wa nganda naye ameagiza matofali kwa upande wa barabara. Terasi inabaki ya mbao, itapakwa tena kiangazi, ila nyekundu ameichoka. Safari hii anataka rangi ya kahawa, na bei bado hawajapatana.