Gharama ya kuhami joto gereji yetu ya Kiembeni

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa juu ya paa, na si kwa mafumbo. Juu ya paa kweli, na brashi ya waya mkononi, nakwangua kutu.

Kwa wale wasiopenda hadithi ndefu, jibu ni shilingi 32,600. Hiyo ndiyo gharama ya kuhami joto gereji ya mita 3 kwa 6, yenye paa la mabati, hapa Kiembeni, upande wa Kisauni. Wenye haraka waende zao salama. Waliobaki vuteni viti, maana ndani ya tarakimu hiyo mna fizikia kidogo, pakiti ya krispu na ubishi na mamangu.

Gereji hii babangu aliijengea pikapu yake. Mwaka juzi akapata kiharusi, pikapu ikauzwa kulipia hospitali, nami nikafunganya virago Nairobi nikarudi nyumbani. Bahati nzuri kazi ya kuandika programu haiulizi umekaa wapi, na tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifike hapa Mombasa mwaka 2009, sisi wa Pwani ndio tuliokaa mlangoni pa mtandao. Tatizo ni nafasi. Nyumba ina vyumba viwili na watu wote wamo. Basi gerejini nikaweka meza yangu, Mama akahamishia humo friza lake la barafu na sharubati ya ukwaju anayouza, na Baba naye akadai kiti chake kiwekwe palepale gari lake lilipokuwa likilala. Hataki kukaa kwingine. Asubuhi namfanyisha mazoezi ya mkono, mchana ananisikiliza nikigombana na kompyuta.

Daktari alituambia Baba asikae kwenye joto kali wala asikaukiwe maji. Sasa fikiria mwezi wa pili, kaskazi inapuliza, saa nane mchana, chini ya mabati. Nilifunga vipimajoto vitatu vidogo (vile vya waya, vinavyounganishwa na kibao cha kielektroniki kinachonitumia namba kila dakika tano). Kivulini nje: 33. Ndani, usawa wa kichwa cha Baba: 38.5. Upande wa chini wa mabati: 61. Kompyuta yangu ilikuwa ikijipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kazi ya dakika 6 asubuhi ikawa dakika 10 mchana. Lakini kompyuta ni chuma. Feni nayo haiipozi hewa, inasaidia jasho likauke tu, na hewa ikishapita joto la ngozi, ambalo ni karibu 35, inakupulizia moto. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili: Baba atolewe gerejini, au joto litolewe. Baba alishasema hatoki.

Nikaingia mtandaoni kusoma jinsi watu wanavyohami gereji zao. Ndugu zangu, karibu maelezo yote ni ya Marekani na Kanada, ya mtu anayepigana na theluji. Ziba kila ufa. Weka mpira chini ya mlango. Jaza sufi ya kioo ukutani. Wana kipimo chao wanakiita R, jinsi kitu kinavyokataa kupitisha joto, na wanakitaja kama sisi tunavyotaja bei ya unga. Si uongo, lakini ni sawa na kuchukua faili la mipangilio la seva ya mtu mwingine ukalibandika kwako. Kwao joto liko ndani na halitakiwi litoke. Kwetu liko juu na halitakiwi liingie, na lililokwisha kuingia lazima lipate njia ya kutoka. Ukiziba gereji ya Kisauni kama ya Kanada, pamoja na unyevu wa bahari na friza linalotema joto mgongoni, umejenga tanuri la mkate.

Jambo la pili ni jua lenyewe. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, adhuhuri jua linasimama juu ya utosi wako kabisa, na miezi mingine halisogei mbali sana na hapo. Maana yake kuta za kaskazini na kusini zinaambulia jua kidogo, paa ndilo linalobeba mzigo. Kuta zetu ni za mawe ya tumbawe ya kuchonga, zinapokea joto polepole na kulitoa polepole. Nikaamua sitatumia hata shilingi moja kwenye kuta. Adui ni paa, na baada ya alasiri, lile lango la chuma linaloelekea magharibi.

Haya, hesabu. Joto husafiri kwa njia tatu: kupitia ndani ya kitu, kubebwa na hewa, au kuruka kama mwanga, yaani mnururisho. Hewa moto hupenda kupanda, kwa hiyo chini ya paa la moto inang'ang'ania huko huko juu. Kinachokupiga kichwani ni mnururisho. Mabati mapya yanayong'aa hutoa kidogo, lakini yaliyoshika kutu kama yetu ni jiko lililopinduliwa. Paa likiwa na digrii 61 na sisi chini yake tukiwa kwenye 35 na ushei, nilipata takriban wati 150 kwa kila mita ya mraba. Zidisha kwa mita 18. Wati 2,700, sawa na kuwasha pasi mbili na kuzining'iniza darini mchana kutwa.

Shemeji yangu alisema ninunue kiyoyozi nimalize. Kiyoyozi kidogo, kile cha BTU 9,000 kwa saa, huondoa joto la wati kama 2,600. Yaani nguvu zake zote zingeishia kupigana na paa tu, kabla hata hatujalihesabu friza, kompyuta na watu watatu. Nilichoulizia madukani, pamoja na kufungiwa, ni shilingi 45,000. Kinakula kama wati 850. Kwa saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na stima nikiihesabu shilingi 30 kwa yuniti, ni karibu 5,300 kila mwezi. Na tokeni zikiisha saa saba mchana, Baba amerudi tanurini.

Mapendekezo mengine yalikuwa mengi, si mnajua mtaa. Trei za mayai: kazi yake ni kubeba mayai. Makatoni: mende na mchwa watakushukuru. Polistirini, ile nyeupe ya kupakia televisheni, inahami vizuri kweli, na ni rahisi. Ila inaanza kulegea ikikaribia digrii 80, na mabati yetu hayako mbali sana na hapo, na ikishika moto inadondosha matone ya moto na moshi wa sumu. Mimi nina chuma cha kulehemu mezani na baba asiyeweza kukimbia. Hapana. Sufi ya kioo ingefaa, lakini kwa unyevu wa hapa na panya wa hapa, niliona ni kuwanunulia godoro.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza paa lilikwanguliwa na kupakwa rangi nyeupe. Rangi ya kuzuia kutu 1,800, rangi nyeupe galoni mbili 5,000. Mama alihofia maji ya mvua, maana tunayakinga kwenye tangi na maji ya mfereji huku bara mnayajua, basi mvua ya kwanza tuliiacha ioshe paa na maji yake tukayamwaga. Kisha chini ya mapao ikatandazwa karatasi ya fedha, ile ya alumini iliyofumwa na nailoni, mita 20 kwa shilingi 250, jumla 5,000. Hapa kuna siri mbili ambazo muuzaji hatakuambia. Karatasi isigusane na mabati, iache nafasi ya hewa, bila nafasi ni chuma juu ya chuma na joto linapita kama hakuna kitu. Na upande unaong'aa utazame chini. Ukitazama juu utafanya kazi mpaka vumbi litue, kisha basi. Ukitazama chini haushiki vumbi, na alumini safi hutoa mnururisho kidogo mno, kama asilimia 5 ya ule wa kitu cheusi. Zile wati 2,700 kwa njia hiyo zinashuka chini ya 200.

Fundi aliongeza lake, na ni la thamani. Alisema karatasi ilazwe kwa mteremko kufuata paa, kwa sababu alfajiri mabati ya huku hutokwa jasho kwa ndani na matone yanahitaji mahali pa kwenda. Sikuwa nimelisoma popote. Sasa yanateremka mpaka kwenye ukingo na kudondoka nje, badala ya juu ya kibodi.

Mbao za mbili kwa moja, futi 200 kwa 25, ni 5,000. Misumari na pini 900. Juu ya ukuta, pande zote mbili, tulitoboa na kuweka matofali ya matundu kumi, 1,000, pamoja na ule wavu mafundi wanaouita kofitrei, 600, kuzuia mbu. Matundu yako juu kwa sababu hewa moto iko juu, yaingie ya bahari upande mmoja, itoke ya friza upande wa pili. Fundi 1,500 kwa siku na msaidizi wake 800, siku tatu, 6,900. Mkokoteni safari mbili 600.

Mimi ningeishia hapo. Mama akaingia, akatazama juu, akasema anajiona yuko ndani ya pakiti ya krispu, na wateja wake wa ukwaju hawatanunua kitu kwenye pakiti ya krispu. Nikamweleza mnururisho. Akaniambia nikimaliza kumfundisha nikamletee majamvi. Majamvi 3,600, yakapigwa chini kama dari, kwa sharti langu kwamba inchi mbili za hewa zibaki kati yake na karatasi, na nyaya zote za stima zipite ndani ya paipu, kwa sababu jamvi nalo linaungua. Niseme ukweli, limependeza.

Lango la magharibi ndilo lililonifurahisha zaidi. Nilikuwa nimeshachora jinsi ya kulibandika karatasi na mbao kwa ndani. Baba, ambaye maneno bado yanamtoka kwa shida, akaonyesha kidole nje, akasema, "Makuti." Neno moja. Yaani kivuli kiwe nje, jua lisiliguse chuma kabisa. Nguzo nne kwa 250, makuti sitini kwa 20, jumla 2,200, na sasa chini ya kibanda hicho ndipo wateja wa Mama wanapopumzika. Kuti limefanya kazi hiyo pwani hii kabla mabati hayajajulikana: lina hewa katikati, halihifadhi joto, na upepo unapita ndani yake. Ubaya wake ni kwamba linaoza na linapenda moto, kwa hiyo tumeliacha mbali kidogo na paa.

Matokeo sasa. Katikati ya Machi nilipata siku inayofanana na ile ya mwezi wa pili, kivulini nje 33. Chini ya mabati: 45. Usawa wa kichwa cha Baba: 34. Digrii nne na nusu zimetoka na hakuna kinachokula stima. Zimebaki 34, na sitawadanganya kwamba ni baridi, lakini kwa 34 feni inarudi kuwa feni.

Friza lilikuwa likila yuniti 3.4 kwa siku, sasa 2.7. Ni shilingi 21 kwa siku, kama 630 kwa mwezi. Kwa friza peke yake fedha zingerudi baada ya miaka minne na zaidi, kwa hiyo mwenye kutafuta faida ya haraka asinifuate. Hesabu yangu mimi ni nyingine. Meza ya kukodi upande wa Nyali niliulizwa 10,000 kwa mwezi, bado nauli, na bado mtu wa kukaa na Baba. Na kama ningekuwa na 7,000 tu mkononi, ningepaka rangi kwanza na kusubiri. Ukwanguaji na upakaji unaweza kuufanya mwenyewe Jumapili mbili. Karatasi ingefuata. Majamvi ni ya Mama.

Kuna kitu kimoja kimekwenda kinyume. Zamani mabati yalipoa haraka jua likizama, na gereji ikapoa nayo. Sasa karatasi inayozuia joto kushuka mchana inazuia pia ndani kupoa kupitia paa usiku. Saa tatu usiku vipimajoto vinaonyesha digrii moja zaidi ya zamani. Dawa yake ni kufungua lango baada ya magharibi, upepo uingie, lakini lango likiwa wazi lazima mtu akae humo kulinda friza na kompyuta. Baba amejitolea. Ana redio, ana feni, na saa nne kasorobo ndiyo anakubali kuingia ndani.